Karatasi Haina Macho

Ipinda,
6 Machi 1995

Kwa Mwalimu, Matema.

Shikamoo Mwalimu.

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na Mama Naomi, mifugo na majirani wote. Sisi huku hatujambo, watoto hawajambo, mvua inanyesha vizuri na mpunga umesimama. Mume wangu Nsajigwa bado yuko na lori lake upande wa Tunduma, lakini salamu zake zimefika. Baada ya salamu, naomba nieleze dhumuni la barua hii.

Najua si desturi mke wa mtu kumwandikia baba wa mumewe. Miaka minane ya ndoa sijakutazama usoni wala hatujasemezana. Ukija Ipinda mimi natokea mlango wa nyuma, nikija Matema wewe unashika njia ya ziwani. Kabla ya kushika kalamu nilimwuliza Mama Naomi. Alifikiri siku mbili, ndipo akasema kilichokatazwa ni kuonana na kusemezana, na karatasi haina macho wala mdomo.

Shida yangu ni hii. Kile kituo cha kununulia kakao nilikokuwa karani kwa miaka sita kimefungwa. Wanasema ni soko huria. Kampuni mpya imefungua ofisi mjini Kyela, meneja ni Mholanzi, na wanataka karani mmoja tu wa kukaa Ipinda. Usaili ni tarehe 19 Mei, kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mimi najua mizani, najua kakao iliyokauka na iliyolowanishwa makusudi, wakulima wananijua. Kazi hii ni yangu, Mwalimu. Nikiikosa narudi kupalilia mpunga wa watu kwa kibarua, na sitaki.

Nimenunua Mbeya kijitabu cha Kiingereza cha mazungumzo. Kimejaa vitenzi vyenye mikia, na kurasa za majibu aliyekitumia kwanza alizichana. Nimekwama kwenye "give up", "look after", "put off" na "turn down". Natafuta kwenye kamusi neno moja moja, napata toa juu, tazama baada, weka mbali, geuza chini. Ni maneno ya mtu mwenye homa. Huku kote hakuna anayejua Kiingereza kuliko wewe. Naomba unisaidie.

Barua iachwe dukani kwa Mwanaisha, mwenye gari la samaki anapajua.

Mke wa Nsajigwa,
Tusekile


Matema,
13 Machi 1995

Mke wa Nsajigwa,

Marahaba.

Nakurudishia barua yako. Wino mwekundu ni wangu. Salamu zako zimechukua nusu ukurasa; mifugo yangu ni kuku wanne na hawakuuliza habari zako. Umeandika "dhumuni" mahali ambapo "sababu" ingetosha, na mwandiko wako unalala kama mpunga uliopigwa na upepo. Mtu asiyeweza kunyoosha Kiswahili chake asitegemee Kiingereza kimnyooshee.

Pili, uelewe utaratibu wangu wa maksi. Nimefundisha miaka thelathini na mitatu na sijaubadilisha. Kumi ni ya Mungu. Tisa ni ya mwalimu. Mwanafunzi mwenye akili sana anaanzia nane kwenda chini. Usiniletee machozi.

Sasa sikiliza, maana sitarudia. Kitenzi cha namna hii ni binti aliyeolewa. Alipokuwa kwao alikuwa na kazi moja. Akienda kwa mume anapewa kazi nyingine kabisa, na wewe ukienda kumtafuta kwao humkuti. "Look" kwao ni kutazama tu. Ameolewa na "after", sasa kazi yake ni kutunza. Ameolewa na "for", anashinda akitafuta kilichopotea. Ameolewa na "down on", amekuwa mwenye dharau. Usiulize kwa nini. Je, wewe uliuliza kwa nini ulipokabidhiwa jiko la Ipinda?

"Give up" ni kukata tamaa, au kuacha jambo ulilozoea. Naomi anataka I give up tobacco. "Put off" ni kuahirisha: harusi ya juzi hapa Matema was put off kwa sababu bwana harusi alikwama ng'ambo ya Mto Lufilyo. "Turn down" ni kukataa unachopewa: alimletea posa, she turned him down.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha moto, andika sentensi kumi, hivi vinne na vingine sita kutoka kijitabu chako. Usinakili za kwangu. Nitajua.

Mwl. Andongwisye


Ipinda,
24 Machi 1995

Kwa Mwalimu.

Shikamoo. Hatujambo. (Nimefupisha salamu.)

Sentensi zangu kumi zimerudi na maksi tatu. Tatu, Mwalimu. Mwanaisha alikuwa amesimama pale nilipofungua bahasha, na kwa kuwa gari lilikuwa limepakia usipa, karatasi yote ilinuka samaki, kwa hiyo duka zima liligeuka kutazama. Sasa Ipinda yote inajua kwamba karani wa zamani wa kakao amepata tatu.

Umekata sentensi yangu ya "take off" ukaandika pembeni "upuuzi". Niliandika the hen took off her eggs, kwa maana kuku aliondoka juu ya mayai yake. "Take" ni chukua, "off" ni kutoka juu. Kosa langu liko wapi? Unasema "take off" ni kuvua nguo, na pia ni ndege kuruka. Kuvua na kuruka vimekutania wapi? Huyu binti wako ana waume wawili?

Nimekasirika siku tatu. Siku ya nne nilikuwa napiga pasi nguo za shule, nikasimama na pasi mkononi. Napiga pasi, lakini pasi sijaipiga. Tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga deki, tunapiga magoti, tunapiga hodi, na hakuna aliyeumia. Mholanzi akija kujifunza Kiswahili, nani atamweleza? Atalia kama mimi. Kwa hiyo nimeacha kuwauliza Waingereza kwa nini. Nakariri tu, kama mtoto anavyokariri piga hodi.

Lakini "put up with" imenishinda. Mikia miwili kwa mnyama mmoja.

Nakuletea kumi nyingine. Tafadhali usiandike "upuuzi". Andika "kosa", inatosha.

Tusekile


Matema,
3 Aprili 1995

Tusekile,

Marahaba.

Maksi tano. Hilo la piga hodi nimelisoma mara mbili. Wakati nafundisha darasa la nane hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia hivyo, wala mimi sikuwahi kuwaambia. Sitasema zaidi.

Sasa nikueleze jambo, na likome hapa. Mzungu aliyenifundisha mimi alikuwa akituchapa tukisema "put out the fire". Alitaka "extinguish". Tukisema "put off" anataka "postpone". Alisema mikia ni lugha ya kuli wa bandarini. Kwa hiyo nusu ya kijitabu chako mimi sikufundishwa. Nimekuwa nikikujibu kwa kamusi kubwa iliyoliwa na mchwa kutoka herufi ya R kwenda mbele, na "run out of" uliyoniuliza imeangukia kwa mchwa.

Ikanibidi niende ufukweni. Kulikuwa na mama mmoja mgeni, mtalii, anaogelea. Nikasimama kwenye mchanga na kofia mkononi, mimi mzee wa kanisa, nikisubiri mwanamke mwenye nguo fupi atoke majini nimwulize maana ya "run out of". Wavuvi wameshona nyavu zao siku hiyo bila kutazama nyavu. Yule mama alinieleza vizuri kabisa: ni kuishiwa. Umekwenda kupika, chumvi hakuna: we have run out of salt. Jioni Naomi alikuwa ameshaelezwa na watu wanne kwamba nilikuwa nazungumza na mzungu aliyevua nguo. Sasa unaona "take off" inavyoweza kumharibia mtu jina.

"Put up with" ni kuvumilia mtu au jambo linalokera. Mfano: Naomi has put up with me for forty years. Nakupa mfano huo kwa sababu ni wa kweli, si kwa sababu naupenda.

Pasaka mnakuja. Njoo na maswali yameandikwa. Tutaona namna.

Mwl. Andongwisye


Matema,
19 Aprili 1995

Mwanangu Tusekile

Ndaga fijo, asante sana, kwa sukari na kitenge. Mtoto alisahau kiatu kimoja, nimekiweka.

Mimi siandiki barua, unajua. Leo naandika kwa sababu nyinyi wawili mmenichosha. Jumapili ya Pasaka, watu wanakula, mimi napeleka karatasi. Wewe umekaa nyuma ya migomba, yeye amekaa nyuma ya nyumba, hatua thelathini, na mimi katikati na miguu yangu hii. Nimehesabu safari kumi na moja. Wali wangu umepoa.

Halafu eti nimwambie kwa mdomo kwa kuwa kalamu imeisha wino. Mimi nitasema vipi maneno yale? Nikakwambia anasema luku fowadi tu. Ukaniuliza tu ni mbili? Nikarudi kumwuliza tu ni mbili? Akapiga kelele kama mwendawazimu mpaka mchungaji akageuka.

Nilisema karatasi haina macho. Sikusema mimi ndiyo karatasi.

Lakini nikwambie, alipomaliza kupiga kelele alicheka. Tangu astaafu sijamsikia akicheka namna ile. Endeleeni. Ila mimi si posta.

Mama yako
Naomi


Ipinda,
28 Aprili 1995

Kwa Mwalimu.

Shikamoo.

Niombee radhi kwa Mama. Nimemtumia mchele wa kilo kumi kwa ajili ya miguu yake.

Nimepata sita. Sita nimeionyesha duka zima mimi mwenyewe. "Look forward to" ni kulisubiri jambo kwa hamu, nimeelewa, na "to" si mbili.

Lakini nina hofu, na ni vizuri uijue. Usaili ni wa mdomo. Mimi maneno haya yote nayajua kwa macho. Sijawahi kuyasikia. Natamka nilivyoandika, na Mwanaisha, ambaye baba yake aliuza vitambaa kwa Wazungu kule Tanga, anaziba masikio. Ningekusikia wewe ukiyasema kwa dakika tano tu, ningetulia. Dakika tano, na zimekatazwa. Nimeolewa nyumba ya mwalimu wa Kiingereza na mimi ndiye mtu pekee wa Kyela nzima asiyeruhusiwa kuisikia sauti yake. Mwanaisha anasema kwao mkwe ni baba, anakaa naye barazani anamtilia chai. Nilimjibu kwamba kwetu mkwe ni zaidi ya baba, ndiyo maana. Lakini nilipofika nyumbani nilikasirika. Heshima hii ni nzuri, sikatai. Inanichosha tu.

Fomu ya kampuni nimeijaza na kuipeleka.

Tusekile


Matema,
12 Mei 1995

Tusekile,

Nakuandikia kwa haraka, gari linaondoka kabla maji hayajazidi.

Juzi kampuni hiyo ya kakao ilinitumia mjumbe. Meneja anataka mtu wa hapa anayejua Kiingereza akae naye kwenye usaili. Kabla sijajibu nikaomba orodha, maana kama wewe upo mimi siwezi kuwepo. Nimeisoma majina yote ishirini na mawili. Nimetafuta jina la ukoo wetu. Halipo.

Kwa hiyo hukupeleka fomu. Uliniandikia kwamba umeipeleka, na hukuipeleka. Miezi miwili nimekesha na mchwa, nimesimama ufukweni kama ombaomba, mke wangu ameota uvimbe wa vifundo vya miguu, na wewe mwishoni umekata tamaa kimyakimya. You gave up. Hicho kilikuwa kitenzi cha kwanza ulichoniuliza, na sikukufundisha ili ukitumie.

Nimewajibu kwamba nitakwenda. Kama nimekosea, niandikie mara moja kwa gari hilihili.

Mwl. Andongwisye


Ipinda,
22 Mei 1995

Kwa Mwalimu.

Barua yako ya tarehe 12 nimeipata leo tarehe 22. Gari la samaki lilikaa siku tisa ng'ambo ya Lufilyo. Usaili ulikuwa Ijumaa, tarehe 19. Sina haja ya kukueleza yaliyotokea, ulikuwepo. Lakini nitaeleza, kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Mimi fomu nilipeleka. Ilikuwa na mstari wa jina la ukoo. Jina hilo ni lako. Mimi silitamki, siliandiki, hata mtaa wenye jina kama hilo nauita mtaa ule. Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa, nikaandika jina la baba yangu mzazi: T. Yakobo. Nilifanya hivyo kwa kukuheshimu wewe.

Ijumaa nimeamka alfajiri, nimevaa gauni la Mwanaisha la Idi, nimesema "look forward to" njia nzima mpaka Kyela. Wakaita T. Yakobo. Nikaingia, nikasema good morning vizuri kabisa, nikainua macho. Koti la kahawia. Kofia mezani. Sijawahi kuuona uso wako, lakini koti hilo nimeliona likiondoka kwa miaka minane.

Sikumbuki mlango. Nakumbuka nimejifunika kitenge kichwani na ninakimbia juu ya majamvi ya kakao yaliyoanikwa uani, kakao zinaruka huku na huku, na walinzi wananifukuza wakidhani nimeiba. Waombaji wengine ishirini na mmoja wameona. Mpaka Ipinda habari ilifika kabla yangu.

Na wewe unaniandikia kwamba nimekata tamaa, kwamba nimedanganya. Nimeumia, Mwalimu. Maksi tatu hazikuniumiza hivi. Nilikuwa nayajua majibu yote. Yote. Mholanzi hakupata hata kuniuliza moja.

Kijitabu nimempa Mwanaisha afungie karanga.

Mke wa Nsajigwa


Matema,
26 Mei 1995

Tusekile,

Naomba radhi. Sijawahi kuandika maneno haya kwa mwanafunzi, na nimeyaandika mara tatu kwenye karatasi nyingine ili yanyooke. Ulipeleka fomu. T. Yakobo nilidhani ni Thomasi fulani, kijana. Nimesahihisha watu maisha yangu yote, na sikuona jina la mkwe mwenzangu lilipokuwa mbele yangu.

Wewe ulidhani nilibaki nimekaa? Ulipotoka kwa mlango mimi nilitoka kwa dirisha. Nina miaka sitini na saba, na alfajiri hiyo nilikuwa nimevuka Lufilyo kwa mtumbwi. Suruali imechanika mpaka gotini, na nimejificha nyuma ya tanki la maji mpaka walinzi walipomaliza kukufukuza wewe. Yule Mholanzi alibaki peke yake na vikombe vitatu vya chai. Alimwuliza karani wake kama sisi Wanyakyusa tunaogopa meza.

Nimemwandikia kurasa mbili kwa Kiingereza. Nimemweleza desturi yetu, kwamba mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani, na kwamba yule mwombaji hakukimbia kwa ujinga bali kwa adabu. Nimemwambia kama anataka karani ambaye hatachezea mizani hata asipotazamwa na mtu, amemwona akikimbia. Nimetumia "run away" na "find out" na "make up for", makusudi, ili ajue mwalimu wako ni nani.

Wale wengine ishirini na mmoja amekwisha kuwauliza, na bado hajampata karani. Amejibu kwamba utaitwa tena Ijumaa tarehe 2 Juni, stoo. Anataka mimi niulize, kwa kuwa anasema Kiingereza chake mwenyewe ni cha kuazima. Nimekubali kwa sharti. Katikati ya stoo yatapangwa magunia ya kakao mpaka darini. Mimi nitakuwa upande wa ziwa, nitaingia kwanza na kutoka mwisho. Wewe na meneja mtakuwa upande wa barabara. Mimi sitazungumza na wewe hata kidogo. Mimi nitayauliza magunia. Wewe utamjibu meneja.

Nimemwuliza Naomi kama ni halali. Amesema ni dhambi ndogo, na amechoka, na twende.

Chukua kijitabu chako kwa Mwanaisha kabla karanga hazijakwisha.

Mwl. Andongwisye


Ipinda,
5 Juni 1995

Kwa Mwalimu.

Shikamoo.

Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa upande wa pili, kwa hiyo hukuona. Nitakueleza upande wangu.

Meneja alikuwa na karatasi, akakohoa, akasema kwa sauti kubwa tuko tayari. Kisha magunia yakasema. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, sikuwa nimejiandaa kwa sauti. Nilidhani una sauti nzito ya mtu mkali. Ni nyembamba, Mwalimu, na inatetemeka kidogo mwishoni. Ni ya Nsajigwa kabisa atakapozeeka. Nilishika ukingo wa mizani. Meneja alidhani nimesahau Kiingereza.

Nilikuwa sijasahau. Magunia yaliuliza mkulima akileta kakao yenye maji nitafanya nini. Nikasema I will turn it down, and I will tell him to look after it better. Yaliuliza mvua ikikata barabara. Nikasema we will put off the buying, but we will not give up. Na kila nilichojibu, nilisikia kalamu upande wa pili ikikwaruza karatasi, tena ile ya kwako, najua ni nyekundu. Ile kalamu ilinitia nguvu kuliko maombi.

Halafu ukauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi ya meneja, kwa sababu alitazama karatasi yake akaigeuza nyuma. Uliuliza who taught you English. Nikajibu kilichonijia. Kalamu ikaacha kukwaruza, meneja akaita, Mwalimu? Ndipo ukasema no more questions, na nikasikia mlango wa ziwani.

Leo barua ya kampuni imefika. Naanza kazi Jumatatu tarehe 12, mizani ya Ipinda, na karani wao amekwisha niletea ufunguo. Nimelia mbele ya Mwanaisha na wateja wake, sikujali. Kwenye mkataba wameandika Tusekile Yakobo. Nimeacha hivyohivyo.

Ila uliondoka bila kunipa maksi ya jibu la mwisho. Naliandika hapa chini, unisahihishie kama kawaida.

My father-in-law taught me. He has put up with me for three months and I look up to him

Ndaga fijo, Tata, baba yangu.

Tusekile


Matema,
10 Juni 1995

Tusekile,

Marahaba.

Jibu lako nakurudishia. "Look up to", yaani kumheshimu mtu, umeitumia sawasawa. Hukuweka nukta mwishoni, nimekuwekea. Maksi tisa.

Naomi anauliza kwa nini si kumi. Nimemwambia kumi ni ya Mungu. Amesema basi tisa ni ya nani, nikamwambia anajua mwenyewe, na aniache nimalize barua.

Yule mama mgeni wa ufukweni alinipa kitabu chake kabla hajaondoka, na herufi ya R kwenda mbele imo. Kuna vitenzi mia moja na zaidi ambavyo sikuvijua, na najuta kwa miaka yote niliyowakatia watoto wa watu alama nyekundu wakiandika mambo ambayo mimi ndiye sikuyafahamu. Nimeanza ukurasa wa kwanza. Sentensi kumi ziko nyuma ya karatasi hii. Ndani ya bahasha nimekuwekea kalamu nyekundu, ni mpya, usiiache kwa watoto.

Zirudishe kwa gari la Alhamisi. Usiandike "upuuzi", andika "kosa". Na ukinipa zaidi ya nane nitajua umenionea aibu.

Andongwisye